Kikundi cha vyama vyote mtaani: ufufueni kwanza Mkutano Mkuu wa Mtaa

Swali: Ninauza dagaa na nafaka, naishi kata ya Kirumba, Manispaa ya Ilemela. Majirani tumechoshwa na siasa za hapa kwetu. Mikutano haiitishwi, ikiitishwa ni ya kuchangishana, na mtaro unaoshuka kutoka mlimani unaingiza maji ndani ya nyumba kila mvua. Tupo wa CCM, wa CHADEMA, wa ACT-Wazalendo, na wengi hatuna kadi yoyote. Tunataka kikundi cha pamoja ili siasa za mtaa zitengemae. Wapo wanaosema tutaonekana tunaanzisha chama, wengine wanataka tusajili NGO kwanza. Mume wangu ni balozi wa shina, sijui kama hilo ni tatizo. Tuanzie wapi?

Jibu: Dada, mnacho tayari chombo cha vyama vyote, ila kimelala. Kinaitwa Mkutano Mkuu wa Mtaa. Mkazi yeyote wa mtaa mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na pale mlangoni hakuna anayeulizwa kadi. Vyombo vingine vyote vya juu yake vinapatikana kwa tiketi ya chama, kwa sababu sheria zetu haziruhusu mgombea binafsi: mwenyekiti wa mtaa, wajumbe wa kamati yake, diwani, wote wamepita kwenye chama. Katika uchaguzi wa 27 Novemba 2024 CCM ilichukua zaidi ya asilimia 98 ya mitaa nchini. Maana yake kwa ninyi ni kwamba jirani wa chama kingine hana mtu wake mezani, na hata mwana CCM asiyepatana na tawi lake hana pa kusemea. Pa kusemea panabaki mkutano mkuu.

Kwa hiyo kazi ya kikundi chenu isiwe kuwa bunge dogo la pembeni. Iwe kuhakikisha mkutano huo unaitishwa, unajaa, unaongozwa kwa ajenda, unafikia maazimio, na maazimio yanafuatwa mpaka ofisi yenye fedha. Mkishika hilo, ile hofu ya kuonekana chama inapungua yenyewe, kwa kuwa hamwombi kura wala hamsimamishi mtu. Mkilikosa, mtakuwa kundi la WhatsApp linalolalamika.

Sasa tuingie kwenye utendaji.

Watu wa kuanza nao

Msianze na tangazo. Anzeni na watu wasiozidi 9, waliotafutwa mmoja mmoja, ana kwa ana. Kigezo cha kwanza ni mtu ambaye majirani wa chama kingine wanamkopesha sukari bila kusita. Anayejua kuhutubia si lazima. Mweka hazina wa kikoba, mwalimu mstaafu, fundi bomba, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, mama anayeshika daftari la misiba: hawa wana sifa ambayo mwanasiasa hana, kwamba walishashika fedha au siri za watu na hazikupotea.

Katika hao 9, chama kimoja kisizidi watu 3, na wasio na chama wasipungue 3. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wasitoke chama kimoja. Uenyekiti uzunguke kila baada ya miezi minne, kwa zamu iliyoandikwa mapema, ili asiwepo wa kugombea. Katibu asizunguke, abaki mwaka mzima, kwa sababu kumbukumbu zikihama mikono kila mara zinapotea.

Viongozi wa vyama hawafukuzwi. Mwenyekiti wa tawi, katibu, balozi wa shina, wote wanaweza kuwa wanachama na kusema mawazo yao, ila wasishike cheo cha kikundi wala kusaini barua zake. Mume wako anaingia humu. Wewe mwenyewe unaweza kuwa katibu au mweka hazina, mradi umehesabiwa upande mmoja naye wakati wa kugawa zile nafasi tatu tatu, hata kama huna kadi. Majirani wanakuhesabu hivyo tayari; ni heri na kikundi kikuhesabu wazi. Na balozi ndani ya nyumba ni faida pia. Taarifa zitafika tawini kwa usahihi, badala ya kufika zikiwa zimetiwa chumvi.

Maamuzi yapitishwe kwa theluthi mbili ya waliohudhuria, na ndani ya hiyo theluthi mbili awepo angalau mtu mmoja wa kila upande. Sharti hili la pili litawakera siku mbili tatu za mwanzo kwa kuwa linachelewesha, ila ndilo linalozuia kikundi kutekwa kimyakimya na walio wengi.

Chagueni kero moja yenye mwenyewe

Hapa ndipo vikundi vingi vinapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. "Kuboresha siasa" si kazi inayoweza kufanyika Jumanne. Mtaro unafanyika. Lakini hata mtaro, kabla ya kuupigia kelele, lazima mjue ni wa nani. Diwani anabebeshwa lawama za barabara ambayo hana hata shilingi yake, na wananchi wanazunguka mwaka mzima kwenye ofisi isiyo na jibu.

Kama mtaro unafuata barabara kuu ya lami inayounganisha wilaya au mikoa, mwenyewe ni TANROADS, wakala wa barabara kuu. Barabara za mitaa na mitaro yake ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, na kila wilaya ina meneja wake. Taka zilizoziba mtaro ni za halmashauri, na kabla hazijawa za halmashauri ni za kaya zilizozimwaga. Bomba linalovuja ndani ya mtaro ni la MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Aliyejenga juu ya mtaro ni suala la mipango miji. Na pale mtaro unapomwaga ziwani, kuna ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa maji ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Hapo NEMC (baraza la taifa la mazingira) na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria wanahusika. Mtaro mmoja, ofisi sita. Usipozitenganisha, kila moja itakuelekeza kwa nyingine, na zote zitakuwa zinasema kweli.

Utembeeni mtaro wote kwa miguu, kutoka juu mlimani hadi ziwani, asubuhi baada ya mvua. Watu wanne wanatosha, wawili wawili, na kila jozi iwe ya vyama tofauti. Beba daftari kubwa la mistari, futi kamba ya mita 30 na simu moja yenye kamera. Ukurasa ugawe safu tano: tarehe na saa, mahali (andika alama isiyohama, kama jiwe kubwa, nguzo ya umeme na namba yake, kona ya shule), tulichokiona, vipimo, majina ya mashahidi wawili. Jambo lolote ambalo halina mashahidi wawili wa pande mbili haliingii kwenye barua. Kanuni hii inaonekana ya kiofisi mno, lakini ndiyo inayowapa uzito: siku mtendaji akisema "haya ni maneno ya wapinzani", jina la pili kwenye mstari ule ule ni la mwana CCM. Na akisema mmeagizwa na wakubwa wa chama tawala, la kwanza ni la mpinzani.

Andikeni vitu vinavyohesabika. Karavati ngapi zimeziba, na kwa nini: mchanga, chupa, jiwe lililoporomoka, au ukuta wa mtu. Upana wa mtaro pale maji yanapofurika. Nyumba ngapi maji yameingia, kwa alama ya tope ukutani, sentimita ngapi kutoka sakafuni. Msipige picha watu walio ndani ya nyumba zao bila idhini, na msiandike namba zao za simu kwenye kitu chochote kitakachosambazwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, jirani aliyedhalilishwa hatarudi kwenye mkutano.

Mkimaliza mtagundua jambo ambalo kwa Mwanza yetu ya milima na mawe ni la kawaida: chanzo cha maji kiko mtaa wa juu yenu. Hili lina maana kubwa kisiasa. Mtaro unaovuka mitaa miwili au mitatu hauwezi kutatuliwa na mwenyekiti wenu peke yake, hata awe malaika.

Njia ya hoja

Hoja ipite hivi: Mkutano Mkuu wa Mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri. Kamati ya kata inaongozwa na diwani, katibu wake ni mtendaji wa kata, na wajumbe wake ni pamoja na wenyeviti wa mitaa yote ya kata. Basi kabla ya mkutano wenu, wawili wenu wapande mtaa wa juu wakazungumze na majirani wa kule. Wenyeviti watatu wakiingia kwenye kamati ya kata na azimio lenye maneno yale yale, diwani ana kitu cha kwenda nacho juu. Mmoja akiingia na malalamiko, anaambiwa asubiri.

Tarehe ni muhimu kuliko ufasaha. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai. Vipaumbele vya mitaa na vijiji kwa kawaida vinakusanywa katika robo ya mwisho ya mwaka wa kalenda, vinachambuliwa kwenye kata na halmashauri Januari na Februari, vinapita mkoani, na Bunge linajadili bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Ukidai mtaro mwezi Machi, wakati masika imekunyeshea na hasira iko juu, umechelewa kwa bajeti inayoanza Julai ile. Unazungumzia Julai ya mwaka unaofuata. Hasira za masika zitunzeni kwenye daftari, mzitumie Oktoba. Kinachowezekana Machi ni kazi ndogo zisizohitaji bajeti mpya: kuzibua, kuondoa jiwe, kumtaka aliyejenga abomoe.

Kumwomba mwenyekiti aitishe mkutano, andikeni barua ya ukurasa mmoja. Isiwe na jina la chama chochote, isiwe na neno "tunashinikiza", na nakala iende kwa mtendaji wa mtaa na mtendaji wa kata. Mfano:

*Yah: Ombi la Mkutano Mkuu wa Mtaa. Sisi wakazi wa mtaa huu, ambao majina na sahihi zetu zimeambatishwa, tunaomba uitishe Mkutano Mkuu wenye ajenda tatu: (1) kusomewa mapato na matumizi ya mtaa ya miezi sita iliyopita, (2) hali ya mtaro, ambayo taarifa yake imeambatishwa, (3) kuteua watu watano wa kufuatilia utekelezaji pamoja na kamati ya mtaa. Tunapendekeza tarehe mbili ili uchague itakayokufaa.*

Sahihi 40 hadi 60 kutoka nyumba tofauti zinatosha. Msifanye ushindani wa kujaza kurasa. Barua ipelekwe na watu wawili wa vyama tofauti, na nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe. Bila mhuri hamjapeleka kitu. Na siku tatu kabla ya kuipeleka, mwonesheni mwenyekiti na diwani wenyewe, kwa mazungumzo, si kwa kuvizia. Kiongozi aliyeshtukizwa mbele ya watu hujitetea. Aliyeambiwa mapema mara nyingi hujipanga kuonekana yeye ndiye aliyeleta jambo. Mwacheni aonekane. Sifa ndiyo posho ya mwanasiasa, na kwenu haina gharama.

Ndani ya mkutano, msikae pamoja kama timu. Tawanyikeni. Mmoja asome vipimo, mwingine wa chama kingine athibitishe, wa tatu apendekeze azimio kwa maneno mafupi: nani afanye nini, kufikia lini, na ataleta taarifa wapi. Kabla mwenyekiti hajafunga, mmoja asimame aulize kwa heshima: "Ndugu Mwenyekiti, tunaomba katibu atusomee azimio lilivyoandikwa." Mstari huu mmoja umeokoa maazimio mengi, kwa maana yasiyosomwa papo hapo huandikwa baadaye kama "wananchi walishauriwa kutunza mazingira". Hakikisheni pia mahudhurio yamesainiwa. Azimio la mkutano usiotimiza akidi (idadi ya chini ya wahudhuriaji) linapanguliwa na yeyote asiyelitaka.

Mkihitaji taarifa ambazo ofisi haitoi, kama vile mkataba wa usafi wa mtaro ni wa nani au fedha kiasi gani zilitengwa, tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Ombi liandikwe na raia kwa jina lake, litaje taarifa mahususi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ombeni vitu viwili au vitatu tu. Ombi la "taarifa zote za miradi tangu 2020" linajibiwa kwa ukimya, na kusema kweli linastahili. Mkikataliwa, kuna hatua ya kumwomba mkuu wa taasisi aupitie upya uamuzi huo.

Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi. Hufanyika kila robo mwaka, na kwa Ilemela makao makuu ya manispaa yako Buswelu. Pelekeni watu wawili kila robo, wakasikilize na kuandika, hata kama mtaro wenu hautajwi. Diwani anayejua kuna watu wa kata yake pale nyuma husoma makabrasha kabla ya kuja. Huko pia mtasikia majibu ya hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ripoti zake hutua bungeni kila Aprili na zinapatikana kwa umma.

Usajili, polisi na maneno ya kutumia

Msianze na NGO. Ni mzigo wa ripoti, ada na matarajio ya wafadhili ambao hamna. Lakini pia msikae muda mrefu bila usajili wowote, maana sheria zetu hazipendi jumuiya isiyo na karatasi, na hilo ndilo jambo la kwanza mtu asiyewapenda atakaloshika. Njia fupi ni kikundi cha kijamii kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata: katiba fupi, muhtasari wa kikao cha kuanzisha, orodha ya wanachama, barua ya utambulisho kutoka mtaa. Mwulizeni yeye fomu zinazotumika sasa, kwa kuwa hubadilika. Lengo liandikwe jinsi lilivyo: kuhamasisha wakazi kuhudhuria mikutano ya mtaa na kufuatilia huduma za umma. Msiandike kuwa ni kikundi cha ujasiriamali ili kupata usajili haraka. Uongo mdogo wa kwenye fomu ndio unaokuja kukufungia mlango.

Kikao cha wanachama ndani ya nyumba au darasa ni jambo moja; mkusanyiko wa hadhara ni jingine, na huo Sheria ya Jeshi la Polisi inataka taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo si chini ya saa 48 kabla. Tangu machafuko ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 watu wengi wanaogopa kuonekana kwenye mkusanyiko wowote, na hofu hiyo msiidharau wala kuwacheka wanaokaa nyumbani. Pitisheni mambo kwenye Mkutano Mkuu unaoitishwa na mwenyekiti mwenyewe. Huo ni mkutano wa serikali ya mtaa. Tahadhari nyingine mbili: Sheria ya Vyama vya Siasa, baada ya marekebisho ya mwaka 2019, inamtaka anayetaka kutoa elimu ya uraia au mafunzo kwa chama cha siasa amtaarifu Msajili wa Vyama vya Siasa siku 30 kabla, kwa hiyo msijitwishe kufundisha matawi ya vyama, na elimu ya mpiga kura wakati wa uchaguzi ina vibali vyake vya Tume ya Uchaguzi. Hizo kazi waachieni wenye vibali.

Mavazi nayo yanasema. Katika shughuli za kikundi pasiwe na rangi wala sare za vyama: kijani na njano, zambarau wala gwanda. Msichapishe fulana, fulana huzaa swali la nani amelipa.

Vikao, muda na fedha

Kikao kimoja kwa mwezi, dakika 90, ajenda zisizozidi tatu. Mahali pasiwe ofisi ya chama, baa ya diwani, wala nyumba ya ibada ambayo nusu yenu hamwingii. Darasa la shule ya msingi, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, linafaa. Siku ni kazi kupanga Mwanza: Ijumaa mchana kuna Waislamu, Jumamosi Wasabato wetu ni wengi, Jumapili asubuhi wengine wako kanisani. Jumatano saa 11 jioni huwa haigombani na mtu, ila wanawake wa sokoni wapewe nafasi ya kusema mwanzo waondoke kupika. Na kama mnataka wavuvi wa dagaa, angalieni mwezi. Wakati wa giza wako majini na taa zao usiku kucha na mchana wanalala. Wakati wa mbalamwezi wanapumzika. Kikao kikiangukia giza, mtaamua mambo ya mwalo (pale mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki) bila mtu hata mmoja wa mwalo, halafu mtashangaa kwa nini hawayatambui.

Muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya kuondoka na usainiwe na wawili wa pande tofauti. Ukisomwa kesho yake kwenye simu, ugomvi tayari umeanza.

Fedha iwe ndogo kwa makusudi. Shilingi 1,000 kwa mtu kwa mwezi, watu 20, ni 20,000. Zinatosha fotokopi, nauli ya wawili kwenda Buswelu, na kalamu. Pasiwe na posho. Posho ikianza, hata ya 2,000, mahudhurio yanakuwa ya posho, na siku haipo mnabaki watatu. Fedha zikae kwenye akaunti ya kikundi ya simu inayohitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja, salio lisomwe kila kikao. Mbunge, diwani, mfanyabiashara au chama akitaka kuwachangia, mshukuruni na mwelekezeni akachangie mtaa moja kwa moja, apewe stakabadhi ya serikali. Hata kreti mbili za soda. Kreti ya soda inanywewa leo, lakini maneno yake hukaa miaka mitano.

Kundi la WhatsApp liwe la matangazo tu: tarehe, mihtasari, picha za mtaro. Wasimamizi watatu wa pande tatu, lifungwe saa 3 usiku, na ujumbe wowote uliosambazwa kutoka kwingine uondolewe, uwe wa chama au wa dini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo, na mara nyingi mtu anaingia humo kwa kusukuma tu kidole.

Yanayoharibika, na lini

Mwezi wa pili au wa tatu patakuja uvumi kuwa kikundi ni mradi wa mtu anayetaka udiwani. Msijibu kwa hasira wala kwa tamko. Bandikeni kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, kwa ruhusa ya mtendaji, karatasi moja yenye majina ya viongozi wa kikundi, mapato na matumizi ya mwezi, na azimio linalofuatiliwa limefikia wapi. Endeleeni kuibandika kila mwezi. Uvumi haukai karibu na hesabu.

Hatari ya pili inakuja mkifanikiwa. Mtaro ukizibuliwa, watu watawaletea kila kitu: ugomvi wa mipaka, mume anayepiga, mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ambayo fulani amenyimwa. Hilo la mikopo linaweza kuwa kazi yenu ya pili, kwa sababu mgawo wake uko wazi kisheria (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, kutoka mapato ya ndani) na lina ofisi moja inayojibu. Ugomvi wa ndoa na mipaka upelekeni kunakohusika, siku hiyo hiyo. Mkigundua fedha zimeliwa, msigeuke wapelelezi: andikeni mlichokiona, mashahidi wawili, mpeleke TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa), mnyamaze. Kumtaja mtu jina mkutanoni kabla ya ushahidi kunageuza kikundi chote kuwa upande mmoja wa kesi.

Hatari kubwa ni uchaguzi. Wa mitaa unaofuata, kwa mzunguko wa miaka mitano, ni mwaka 2029, na kura za maoni ndani ya vyama huanza kuchemka mapema zaidi. Kanuni hii iandikeni sasa, wakati hakuna anayehisi inamlenga: kuanzia siku ya kuchukua fomu hadi matokeo, kikundi hakifanyi shughuli ya hadhara, isipokuwa kikao kimoja ambacho wagombea wote wamealikwa kwa barua ileile, wanaulizwa maswali yale yale matatu, kwa dakika zile zile. Mmoja wa wagombea akikosekana, kiti chake kiachwe na hakuna anayemsemea. Anayechukua fomu anakabidhi daftari, mhuri na kumbukumbu za fedha siku hiyo hiyo mbele ya watu wawili, na harudi kwenye uongozi wa kikundi mpaka miezi sita ipite baada ya matokeo, ashinde au ashindwe.